Ndugu Yangu, Chomoa Hiyo Diski

Nafahamu kwamba ukurasa huu kwa kawaida ni wa siasa za nyumbani, mambo ya visa na kulalamikia baridi. Leo naomba mniruhusu niongee habari za kompyuta. Msigeuze ukurasa, sina nia ya kumfundisha mtu uhandisi. Nataka kuwaeleza jinsi nilivyoitia familia yangu hasara nikiwa huku huku ughaibuni, kwa ushauri nilioutoa kwa nia njema kabisa. Naamini wengi wenu mmeshatoa ushauri ule ule.

Kwetu ni Tanga. Tuna duka la spea za magari. Alilianzisha marehemu baba, na sasa analiendesha kaka yangu mkubwa pamoja na mama. Mimi nipo hapa Uingereza nasomea shahada ya uzamivu, nina miaka thelathini, na nyumbani jina langu ni "Injinia". Mnajua maana ya jina kama hilo. Televisheni ikikataa kuwaka, anapigiwa Injinia. Simu ya shangazi ikijaa picha za harusi, anapigiwa Injinia. Basi nilipokwenda likizo mwaka 2021 nikakuta hesabu za duka bado ziko kwenye madaftari, nikaamua kuleta maendeleo. Nikanunua kompyuta, nikaingiza orodha ya mali yote, bei, mauzo ya kila siku, na muhimu kuliko vyote, wadeni. Anayeijua biashara ya spea anajua kwamba mali nyingi inatoka kwa mkopo. Fundi anachukua breki leo, analipa gari likitoka gereji.

Tena sikuishia hapo. Nikanunua na diski ya nje, nikaiseti iwe inanakili kila kitu yenyewe kila jioni. Nikamwambia kaka, na maneno haya ni yangu mwenyewe: "Kaka, hii ndiyo bakapu. Usiichomoe hata siku moja."

Kaka ni mtu wa kusikia. Hakuichomoa.

Jumamosi moja ya Februari 2023, saa kumi na moja alfajiri kwa saa za huku, simu ikaita. Tanga ilikuwa saa mbili asubuhi, duka ndiyo kwanza linafunguliwa. Kaka akasema, "Mdogo wangu, mafaili yote yamebadilika majina na hayafunguki. Kuna barua hapa ya Kiingereza inasema tulipe dola 980, tukiwahi ndani ya siku tatu ni 490." Nakiri kwamba sikushtuka. Nilijisikia hata fahari kidogo, maana nilijua dawa tunayo. Nikamjibu, "Usijali kaka. Si tuna ile diski?"

Akasema, "Ipo hapa hapa, imechomekwa tangu ulipoondoka."

Usingizi ukaniruka. Nilijua jibu kabla hajaifungua. Mafaili ya kwenye diski nayo yalikuwa yamefungwa, moja baada ya jingine, na mwisho wa kila jina kuna mkia ule ule wa herufi nne.

Kwa wasioufahamu ugonjwa huu, ni programu ya utekaji, wenyewe wanaiita ransomwea. Ikiingia kwenye kompyuta haiibi kompyuta wala haiivunji. Inapita kwenye kila faili na kulifunga kwa ufunguo wa kihesabu ambao anao mwizi peke yake. Halafu inakuachia barua ya kudai fidia. Hii iliyotupata sisi ni ya ukoo unaojulikana kama STOP au Djvu, ambao haukuwalenga matajiri. Umewaumiza watu wa kawaida dunia nzima, na njia yake kubwa ya kuingilia ni zile programu za kulipia ambazo watu wanazipakua bure zikiwa zimevunjwa kufuli.

Na ndivyo ilivyokuwa kwetu. Karani wa duka alitaka programu ya kutengenezea matangazo, akaipakua ya bure kwenye mtandao. Simlaumu. Nani aliyemfundisha kwamba programu hazinunuliwi? Windows ya kompyuta ile niliiweka mimi, Injinia, na haikuwa halali.

Sasa hapa ndipo penye hoja yangu, na naomba mnisome taratibu. Programu hizi haziulizi faili liko wapi. Kila mahali ambapo kompyuta inaweza kuandika, na yenyewe inaweza kuandika. Diski iliyochomekwa, flashi iliyosahaulika kwenye tundu, folda ya pamoja ya kompyuta ya pili ya ofisini, vyote kwake ni chumba kimoja. Tena nyingi zinaanza kwa kufuta zile nakala za kurudisha nyuma ambazo Windows inajiwekea. Aliyeitengeneza anajua kwamba mtu mwenye akiba halipi. Kwa hiyo akiba ndiyo adui yake wa kwanza. Nakala ambayo kompyuta yako inaifikia muda wote haitakuokoa. Itateketea pamoja na ile uliyoinakili.

Msidhani hili ni kosa la wauza spea wa Tanga tu. Chuo Kikuu cha Maastricht, Uholanzi, kilivamiwa siku mbili kabla ya Krismasi ya mwaka 2019. Wezi walikuwa wameshaingia ndani tangu Oktoba, kupitia barua pepe ya ulaghai aliyoifungua mfanyakazi, wakakaa kimya wakiichunguza nyumba. Walipofunga, walifunga seva 267, na baadhi ya bakapu zikiwamo, kwa sababu nazo zilikuwa kwenye mtandao ule ule. Chuo kizima, na maprofesa wake wa kompyuta, kikalipa bitcoin 30, kama euro laki mbili za wakati ule. Mwaka 2022 polisi wa huko waliwarudishia sehemu ya zile bitcoin, na kwa jinsi bei ilivyopanda, ile sehemu tu ikawa na thamani ya kama euro laki tano. Wengine walicheka kwamba chuo kimepata faida. Mimi nafikiria watafiti waliokaa Krismasi nzima hawajui kama miaka yao minne ya kazi bado ipo.

Kisa kingine ndicho ninachokipenda zaidi, na kila Mwafrika anayesoma ughaibuni anapaswa kukijua. Tarehe 27 Juni 2017 kampuni ya meli ya Maersk ilipigwa na programu iliyopewa jina la NotPetya. Ilijifanya ya kudai fidia, lakini hata ukilipa hakukuwa na njia ya kurudisha kitu. Iliingia kupitia programu ya hesabu za kodi inayotumika Ukraine, ikasambaa dunia nzima ndani ya muda mfupi. Maersk walilazimika kuweka upya seva 4,000 na kompyuta 45,000, na hasara yao ilikadiriwa kufikia dola milioni 300.

Sasa sikilizeni. Mtandao wao wote ulitegemea seva maalumu zinazotunza orodha ya watumiaji na ruhusa zao. Walikuwa nazo kama 150, zimetawanyika duniani, na kila moja ilikuwa nakala ya zenzake. Mafundi walidhani hiyo ni akiba tosha, maana moja ikifa zipo nyingine. Lakini zote zilikuwa zinaongea usiku na mchana, kwa hiyo zote zilikufa pamoja. Zote isipokuwa moja. Ilikuwa Ghana. Muda mfupi kabla ya shambulio umeme ulikatika, ile seva ikawa nje ya mtandao, na ugonjwa ulipopita haukuikuta.

Yaani kampuni kubwa kama ile iliokolewa na kukatika kwa umeme Afrika Magharibi! Sisi tuliokulia kwenye mgao wa umeme tuna haki ya kutabasamu. Lakini kisa hakijaisha. Intaneti ya pale ilikuwa nyembamba mno kutuma data yote ile hadi Uingereza, ambako mafundi walikuwa wamekusanyika. Wakasema basi, mfanyakazi wa Ghana apande ndege ailete diski mkononi. Kumbe hakuna hata mmoja pale mwenye visa ya Uingereza! Ikabidi mmoja asafiri na diski hadi Nigeria, akamkabidhi mwenzake uwanja wa ndege, na huyo ndiye akaruka nayo hadi London. Mnaoshinda kwenye foleni za visa mnanielewa.

Hadithi hiyo inachekesha, lakini hoja yake ni ile ile ya kwetu. Nakala 150 zilizounganishwa zilikuwa sawa na nakala moja, na iliyokuwa imechomoka ndiyo iliyookoa kampuni. Tofauti ni kwamba Maersk walibahatika. Duka letu diski yake iliendelea kushikilia waya.

Nirudi Tanga. Kaka alitaka kulipa. Dola 490 kwa wakati ule ni zaidi ya shilingi milioni moja na laki moja. Akaniambia, "Deni la mtu mmoja tu mwenye malori linazidi hiyo. Tulipe yaishe." Nikakataa. Nilimwambia hakuna hakimu wa kumshitakia mwizi asipotimiza ahadi, kompyuta ingebaki chafu vilevile, na fedha ile ingekwenda kumtafuta mwenye duka mwingine. Tulijaribu pia zana za bure za mradi wa No More Ransom, ulioanzishwa mwaka 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na makampuni mawili ya usalama wa kompyuta. Zimewasaidia watu wengi, na aliyepatwa aanzie hapo kabla ya kumlipa yeyote. Kwa ufunguo wetu haikuwezekana.

Lakini niseme ukweli, kukataa kulipa kulikuwa rahisi kwangu kwa sababu mimi sikuwa nimesimama kaunta. Kaka ndiye aliyekuwa anatazamana na wadeni.

Kilichotuokoa nusu ni mama. Mama hakuwahi kuiamini ile kompyuta. Kila mdeni aliyepita mikononi mwake alimwandika kwenye daftari lake la kava gumu, na jioni analikunja kwenye kanga anakwenda nalo nyumbani. Mimi nilikuwa namcheka. Wadeni wa mama wote tuliwapata. Wa kaka na karani, ambao walikuwa kwenye kompyuta tu, baadhi walikuja wenyewe, Mungu awabariki, na baadhi walisahau kabisa kwamba waliwahi kununua kitu Tanga. Tulipoteza zaidi ya shilingi milioni nane, na kaka alikaa wiki nyingi anakusanya risiti moja moja ili kutengeneza upya hesabu za kodi. Hakunilaumu hata siku moja. Alisema tu, "Nilifanya kama ulivyoniambia." Ningependa zaidi kama angenitukana.

Najua majibu mtakayonipa, kwa sababu na mimi nilikuwa nayo.

Wa kwanza atasema, sisi wadogo nani atatuhangaikia? Jamani, programu hizi hazitumi mjumbe kuchunguza utajiri wako. Zinatupwa kama nyavu, anayenasa ananasa. Dola 490 inatosha kabisa kwa mwizi aliyenasa watu elfu.

Wa pili atasema, mimi nina antivirasi. Kaka naye alikuwa nayo, muda wake ulikwisha, ikawa inatoa onyo kila asubuhi na karani anabonyeza "baadaye". Hata iliyo hai inaweza kupitwa na ugonjwa mpya. Iweke, lakini usiilalie usingizi.

Wa tatu atasema, mambo yangu yote yako klaudi. Hapa tuwe makini. Folda inayojilinganisha yenyewe na klaudi inapeleka juu kila badiliko, na faili kufungwa na mwizi nalo ni badiliko. Klaudi inasaidia pale tu inapotunza matoleo ya zamani ya faili, na pale mwizi asipokuwa na funguo za akaunti yako. Mwaka 2014 kampuni moja iliyokuwa ikiitwa Code Spaces, waliokuwa wakiwatunzia waandishi wa programu kazi zao, iliingiliwa kwenye akaunti yake ya klaudi. Mwizi alidai fedha, walipojaribu kumtoa akafuta karibu kila kitu, na bakapu zao zilikuwa ndani ya akaunti ile ile. Ndani ya saa 12 kampuni ikawa imekwisha, ikafunga milango.

Basi tufanye nini? Kanuni yenyewe ni ya zamani, ilienezwa na mpiga picha Mmarekani, Peter Krogh, aliyekuwa anaogopa kupoteza picha zake. Inasema: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja iwe mbali na hapo ulipo. Mimi naongeza neno moja tu: na angalau moja iwe imechomolewa. Kwa duka letu sasa inakwenda hivi.

Tuna diski mbili, tumeziandika A na B kwa kalamu ya wino mzito. Moja iko dukani kwenye droo yenye kufuli, nyingine iko nyumbani kwa mama, kwenye sanduku lake la kanga. Jumatano na Jumamosi, baada ya kufunga hesabu, kaka anatoa intaneti, anachomeka diski ya zamu, ananakili, anachomoa. Wiki ikiisha zinabadilishana nafasi. Hazichomekwi siku moja kamwe. Kwa hiyo hata ugonjwa ukimkuta kaka yuko katikati ya kunakili, atapoteza diski moja na wiki moja, hatapoteza miaka miwili.

Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi anachukua faili moja kutoka kwenye diski na kulifungua kwenye kompyuta nyingine, ile ya mtoto wake. Msilidharau jambo hili. Maktaba ya Uingereza ilivamiwa Oktoba 2023, wezi wakataka bitcoin 20, maktaba ikakataa kulipa. Nakala salama za hazina yao ya kidijitali walikuwa nazo. Taabu yao kubwa ilikuwa kwamba mitambo ya zamani ya kuzirudishia haikufaa tena, na huduma zikakaa miezi na miezi bila kutengemaa. Tena wezi walikuwa wameshachukua data nyingi ya watu, wakaimwaga mtandaoni, na hilo bakapu haliwezi kulizuia. Kuwa na akiba ni jambo moja, kuweza kuitumia ni jambo jingine, na kutunza siri za wateja ni la tatu.

Klaudi pia tunayo, lakini nywila yake haihifadhiwi kwenye kompyuta ya duka, na kuingia kunahitaji namba inayokuja kwenye simu ya kaka. Karani anafanya kazi kwa akaunti ya kawaida isiyo na ruhusa ya kuweka programu. Windows tumenunua, na badala ya programu za kuvunjwa tunatumia LibreOffice, ambayo ni bure na ni halali. Na mama anaendelea na daftari lake, simcheki tena.

Gharama yake? Diski ya pili hapa niliinunua kama pauni 50 hivi. Tunatuma viatu, tunatuma simu, tunatuma marashi ya kumfurahisha shemeji. Tukiulizwa jambo la kompyuta tunajibu haraka haraka kwenye simu tukiwa tunawahi basi, na wenzetu wanalishika kama maagizo ya daktari. Hilo ndilo linalonisumbua kuliko wizi wenyewe. Kwa sababu tunasoma Ulaya, neno letu lina uzito nyumbani kuliko tunavyostahili. Kaka angeweza kumuuliza fundi wa kompyuta pale pale barabara ya pili. Hakumuuliza kwa sababu anaye Injinia.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa chama chetu ni dogo. Kabla ya safari za Desemba tukutane jioni moja, wenye ujuzi wa kompyuta na wasio nao, kila mtu aje na swali la biashara ya kwao: duka la dawa la Kisumu, shule ya chekechea ya Mbeya, ofisi ya mizigo ya Mombasa. Tuandike ukurasa mmoja wa Kiswahili ambao mama anaweza kuubandika ukutani. Na kila anayekwenda likizo atenge siku moja, moja tu, kabla ya kuanza kuzunguka kwa mashangazi.

Na usiku wa leo, kabla hujalala, mpigie unayemjua mwenye duka au ofisi. Muulize swali moja: ile diski ya akiba iko wapi sasa hivi? Akikujibu kwa fahari kwamba imechomekwa, haijawahi kutoka, mwambie achomoe. Usimcheke. Pengine wewe ndiye uliyemwambia.

Na wewe mwenyewe unayesoma hapa, ambaye tasnifu yako iko kwenye laptopu, na nakala yake iko kwenye flashi iliyochomekwa kwenye laptopu hiyo hiyo, shikamoo. Chomoa.